Siku Uso wa Mzalishaji Mkuu Uliposinzia

Kwanza tuelewane: nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani ya ukutani pale shuleni kwetu, nikaitafuta na kwenye ile ndogo ya nyuma ya daftari, sikuiona. Kwa hiyo msomaji akimtambua bosi wake humu ndani, hayo ni ya kwake na bosi wake, mimi wasinitie humo.

Nchi hiyo isiyokuwepo iliitwa Jamhuri ya Tija. Watu wake walikuwa watu kama mimi na wewe, mikono miwili, miguu miwili, ila viungo vyote vinne vilikuwa na ratiba. "Hujambo" na "shikamoo" zilishafutwa na Bunge baada ya wataalamu kugundua kwamba mtu, katika muda ule anapomwamkia mwenzake, hazalishi kitu chochote. Badala yake watu waliulizana, "Umezalisha?" na jibu lake lilikuwa, "Nazalisha." Hivyo hivyo kwa mkubwa na mdogo, hata msibani. Mgeni anaingia matangani, anamwinamia mfiwa, "Umezalisha?" Mfiwa anapenga kamasi, anajibu, "Nazalisha, nashukuru."

Halafu kulikuwa na Sheria ya Kutosimama Bure. Anayesubiri huduma yoyote alitakiwa apige mguu papo hapo, kushoto, kulia, ili damu isije ikalala kwa gharama ya taifa. Foleni ya benki ungeiona kwa mbali ungedhani gwaride la sikukuu. Kuna kuku mmoja wa wilaya ya kusini alipewa onyo kwa kuatamia siku nyingi bila kunyanyuka, na alipokosa maelezo ya kuridhisha, mayai yakahamishiwa kwa kuku mwingine mwenye mwendo. Hayakuanguliwa, lakini taarifa ya habari ilisema yalionyesha ari.

Wasanii nao hawakusahauliwa. Kila kazi ya sanaa ilitakiwa iwe na mazao. Mchongaji akichonga sanamu, sharti mkono mmoja wa sanamu aunyooshe, watu waanikie nguo. Washairi waliruhusiwa kuandika upande mmoja tu wa karatasi, upande wa pili ukiwa ni wa kufungia karanga. Bwana mmoja aliyechora ng'ombe kwenye ukuta wake alifuatwa na afisa mifugo akiwa na ndoo.

Sasa, katika Mtaa wa Jitume, mji mkuu, aliishi binti mmoja anaitwa Sikudhani Shaibu, mchoraji wa mabango ya vinyozi na mabucha. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Mabango yake yote aliyapigilia misumari kwa nyuma ili yaweze kutundikiwa taulo, na kwa hiyo serikali ilimhesabu kuwa ni mtengenezaji wa vitundikio anayechafua mbao kwa rangi.

Alikuwa akiishi na baba yake, Mzee Shaibu, mpiga filimbi mstaafu wa reli. Maisha yake yote mzee huyu aliruhusu treni kuondoka, yeye akabaki. Alipostaafu akasema sasa inatosha, hata filimbi akaigawa. Kila siku alasiri alitoka barazani na kikombe cha kahawa, akakaa mbele ya kopo la rangi ambamo Sikudhani alikuwa amemwoteshea kifauongo. Bila shaka unakijua kifauongo, kile kimea cha miiba kinachotambaa kando ya njia, chenye vijani vilivyochanika kama kitana na maua ya waridi kama vishungi vya pamba. Ukikigusa tu, kinajikunja, kinalegea, kinajifanya maiti. Ukiondoka, kinafufuka.

Basi Mzee Shaibu alikuwa anakigusa. Kinafumba. Anapiga funda la kahawa, anangoja. Kinafumbua jani moja, jingine, mpaka chote. Mzee anatabasamu. Halafu anakigusa tena. Sikudhani akimaliza kazi zake alikuja kukaa naye, na hiyo ndiyo ilikuwa saa yao, hawana la kusema na hawalitafuti.

Mtaa mzima uliwaona, kwa hiyo haikuchukua muda Afisa Tija wa Mtaa naye akawaona. Huyu aliitwa Bwana Ngwali, kijana mrefu, mwembamba, ambaye alikuwa amepiga mguu papo hapo miaka mingi hata viatu vyake vilikwisha soli bila kufika popote. Alisimama mbele ya baraza, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Umezalisha, mzee?"

"Marahaba," akajibu Mzee Shaibu.

Bwana Ngwali akalimeza hilo. "Unafanya nini hapo?"

"Nangoja jani."

"Likifunguka?"

"Nalifunga."

"Halafu?"

"Nangoja tena. Karibu ukae, mwanangu, unanitimulia vumbi kwenye kahawa."

Bwana Ngwali hakukaa. Alikwenda zake mbio kutoa taarifa, na kabla ya wiki kwisha Mzee Shaibu akatangazwa rasmi kuwa Kiungo Kilicholala. Adhabu ya Kiungo Kilicholala ilikuwa kupelekwa Kituo cha Uchangamshaji huko bara, ambako wazee walizungusha mipini ya chuma kutwa, mipini ikazalisha umeme, na umeme ukawasha taa za kituo ili wazee waione mipini. Aliyeingia huko hakutoka, maana akitoka taa zingefifia.

Lakini kabla ya kupelekwa, mzee angeonyeshwa kwanza kwenye Maonyesho ya Taifa ya Tija, katika Banda la Aibu. Angekalishwa kwenye kiti, juu yake pawekwe bango: HIVI NDIVYO USIVYOTAKIWA KUWA. Na kwa kuwa mchoraji wa mabango wa eneo lile alikuwa mmoja tu, kazi ya kuliandika akapewa Sikudhani.

Aliliandika barazani, baba yake akimtazama. Mkono wake ule mwepesi siku hiyo ulikuwa mzito. Mzee Shaibu akainamisha kichwa upande mmoja, akasema herufi ni nzuri ila zingekuwa kubwa kidogo, yeye macho yake si kama zamani na angependa awe anajisoma.

"Baba, hili si la mchezo. Wakishakupeleka kule hawakurudishi."

"Nimekusikia, mama. Kwani nimecheka?"

Alikuwa amecheka. Lakini kahawa yake aliiacha ikapoa bila kuinywa, na Sikudhani aliliona hilo.

Njia ilikuwa moja tu. Kila mwaka Rais wa nchi, ambaye cheo chake kamili kilikuwa Mzalishaji Mkuu, alimpa aliyemfurahisha zaidi kwenye Maonyesho nafasi ya kuomba Ombi Moja. Mwaka uliotangulia alishinda fundi mmoja aliyebuni kijiko kinachomhimiza mlaji kutafuna haraka. Fundi akaomba likizo. Tangu siku ile hajaonekana, ingawa wizara imewahakikishia ndugu zake kwamba anazalisha.

Sikudhani akalala na wazo, akaamka nalo. Asubuhi akachukua kipande cha kifauongo kutoka kwenye kopo la baba yake, akakifunga kwenye kitambaa chenye maji, akaenda kwenye Kamati ya Sanaa Yenye Mazao.

Mwenyekiti wa Kamati alikuwa Waziri wa Tija mwenyewe, Mheshimiwa Hekaheka, mtu wa kitambi kikubwa kilichokuwa kikifika kwenye mkutano kabla yake na kuanza ajenda. Wajumbe walikuwa wanazunguka meza kwa mwendo wa mchakamchaka. Ilibidi Sikudhani naye azunguke nao huku akijieleza. Akasema anataka kuchora uso wa Mzalishaji Mkuu katikati ya Uwanja wa Jasho, uso mkubwa kuliko nyumba, lakini si kwa rangi. Kwa mimea hai.

"Kwa hiyo utakua?" akauliza Mheshimiwa Hekaheka, akipita.

"Utakua kila siku, mheshimiwa."

Waziri alipunguza mwendo, jambo ambalo wajumbe hawakuwahi kuliona. "Ndugu wajumbe," akasema, "hebu tujiulize kwa uchungu. Hizi picha za Mtukufu zilizomo maofisini, tangu zipigwe zimeongezeka? Hazijaongezeka. Pua ni ileile, masikio ni yaleyale. Tumekuwa tukining'iniza uzembe kwenye kuta zetu wenyewe. Leo anatokea mtoto wa Mtaa wa Jitume anatuletea uso utakaopanuka bila kuongezewa bajeti. Mimi naona hapa kuna mapinduzi." Kisha akakumbuka kuwa neno mapinduzi limepigwa marufuku, akalifuta kwa mkono hewani, wajumbe wote wakasaidia kulifuta.

Mjumbe mmoja aliuliza mmea wenyewe ni wa aina gani.

"Ni wa hapahapa nchini," akasema Sikudhani. "Una mwitikio wa haraka sana. Ukiuelekeza kidole tu, unachukua hatua."

Kamati ikapitisha kwa makofi. Hakuna aliyeomba kuugusa. Wote walikuwa wamezaliwa nchini humo, na mmea ule ulikuwa umejaa kando ya kila barabara waliyopita, lakini kati yao hapakuwa na aliyewahi kupata nafasi ya kuinama.

Jioni Mzee Shaibu alipoambiwa, aliweka kikombe chini. "Sasa wewe mtoto unataka kumlaza Rais mbele ya watu?"

"Nataka wangoje jani, baba. Mara moja tu, wote, na yeye akiwemo. Wakishalingoja watajua ulikuwa unafanya nini hapa."

"Na wasipotaka kungoja?"

"Basi tutakwenda kuzungusha mipini wote wawili. Nitazungusha na wa kwako."

Mzee akakigusa kifauongo, kikafumba. Halafu akamwambia kwenye nyusi asiweke miche mingi, Rais hana nyusi.

Uwanja wa Jasho ukalimwa. Sikudhani aliotesha mashavu, akaotesha paji la uso, macho akayazungushia mchanga mweupe, midomo akaipanga kwa ile miche iliyokwisha kutoa maua ya waridi. Vifauongo vikashika kazi. Wizara ilipeleka wapimaji, na redio ikawa inatangaza kila asubuhi kwamba sikio la kushoto la Mtukufu limevuka lengo. Sikio la kulia likaitwa kwa mahojiano. Masharubu yalipozidi mpaka yakaanza kuingia mdomoni, Kamati ilikaa kikao cha dharura kujadili kama kumpunguza Rais ni uhaini. Waziri akatatua: isiitwe kupunguza, iitwe kuvuna. Sikudhani akavuna masharubu, wizara ikapeleka mavuno hayo ghalani, yakaingizwa katika takwimu za chakula.

Wapimaji waliambiwa wasikanyage mimea, wapime kwa mbali kwa kamba. Upepo ulipopita na majani yakalegea kidogo, Sikudhani aliwaambia mmea unapumua. Wakaandika: unapumua kwa kasi nzuri.

Siku ya Maonyesho ikafika. Nchi nzima ilikuwa pale, imewekwa mbali na mimea, inapiga mguu. Pembeni ya uwanja lilikuwepo Banda la Aibu, na ndani yake Mzee Shaibu juu ya kiti, kanzu safi, bango kubwa juu ya kichwa chake. Wanafunzi walipitishwa mbio kumzomea. Yeye alikuwa anawapungia. Nje ya banda gari la Kituo cha Uchangamshaji lilikuwa limeegeshwa, injini inanguruma, dereva amekwisha kufungua mlango wa nyuma.

Mzalishaji Mkuu akaingia kwa mchakamchaka, mfupi kuliko picha zake, jasho limemlowesha kola. Akakimbia hadi kwenye ukingo wa uso wake, akautazama. Ulikuwa mzuri kweli. Kijani kibichi, umenawiri, midomo ya waridi, macho yamekaza kutazama mbinguni. Rais alifurahi kupita kiasi. Akainama, akajipapasa shavu.

Wakati huohuo, kwa mujibu wa ratiba, mizinga ikapigwa.

Ardhi ikatikisika. Shavu lililopapaswa likasinyaa, likavuta la pili, paji la uso likashuka kama turubai lililokatwa kamba. Macho yakafumba. Midomo ikalegea upande mmoja, kwa namna ya mtu aliyekula ubwabwa mchana akashikwa na usingizi kwenye mkeka. Watu wote uwanjani waliona kwa macho yao Mzalishaji Mkuu wa Jamhuri ya Tija akisinzia kazini.

Watu waliendelea kupiga mguu kwa sababu hawakujua kufanya kingine.

"Nimelala?" akauliza Rais.

"Mtukufu hajalala," akasema Mheshimiwa Hekaheka. "Mtukufu anatafakari, ila amefunga mapazia."

"Niamsheni."

Hapo ndipo serikali ilipoonyesha uwezo wake. Bendi ya jeshi ikapuliza matarumbeta kwenye sikio la kushoto, lile lililovuka lengo. Majani yakajikunja zaidi. Zimamoto wakaja na mpira, wakamwagia Rais maji ya uso, akazidi kuzama. Sajini mwenye sauti kuliko wote akaamuru, "Uso, amka." Uso haukutii. Waziri akasoma hotuba kwa kipaza sauti kuhusu wajibu wa kila jani. Na kila vijani viwili vitatu vilipoanza kufumbuka pembeni, watu walifurahi, wakapiga mguu kwa nguvu, uwanja ukatetemeka, vikafumba.

Mbaya zaidi, itifaki ya nchi ilikataza mtu yeyote kuondoka mbele ya uso wa Rais kabla uso huo haujamtazama na kumruhusu. Mwanasheria Mkuu alipoulizwa kama katazo hilo linamhusu na Rais mwenyewe, alipekua kichwani, akajibu kwa masikitiko kwamba sheria ni msumeno hata kwa mwenye mbao. Kwa hiyo Rais hakuweza kuondoka, kwa sababu Rais alikuwa bado amelala.

"Nani aliyechora hiki kitu?"

Sikudhani akasogea mbele. Miguu yake haikuwa inapiga mguu, ilikuwa inatetemeka yenyewe, afisa mmoja akadhani anatii sheria. "Ni mimi, Mtukufu."

"Kiamshe."

"Hakiamshwi, Mtukufu. Kinaamka chenyewe, watu wakitulia."

"Wakitulia vipi?"

"Wakikaa chini."

"Wakikaa chini wanafanya nini?"

Sikudhani akatazama kule bandani, kwenye kiti. "Hawafanyi kitu."

Watu waliokuwa karibu walirudi nyuma kama vile ametoa nyoka. Mheshimiwa Hekaheka akasema mtoto huyu akamatwe, na askari wawili wakamshika mikono. Lakini Rais alikuwa anautazama uso wake, ule mdomo uliolegea, na kwenye macho yake halisi palikuwa na kitu kama wivu.

"Hilo jambo," akauliza taratibu, "kuna mtu anayejua namna ya kulifanya?"

Askari walikuwa wameibana mikono yake, kwa hiyo Sikudhani akaelekeza kwa kidevu. Rais akageuka, waziri akageuka, nchi ikageuka. Pale bandani, chini ya bango lenye herufi kubwa za kusomeka vizuri, Mzee Shaibu alikuwa amekaa.

"Fanyeni kama yule," akasema Rais.

Basi ikawa hivyo. Serikali yote ikamkazia macho Mzee Shaibu, ikaanza kushuka chini. Mkuu wa Majeshi alishuka kwa hatua, kama anavamia. Magoti ya Mheshimiwa Hekaheka yalikuwa yamesahau kazi yake. Maofisa wawili walimkunja kwa ushirikiano, mmoja juu, mmoja chini. Mzee Shaibu, asiyejua kuwa amekuwa kiongozi, akajikuna goti. Baraza la Mawaziri likajikuna goti. Akaegemea nyuma, akapiga mwayo mrefu, na mwayo ule ukapita mabalozi, ukapita bendi, ukazunguka uwanja mzima mpaka ukamfikia dereva wa gari la Kituo, naye akazima injini.

Ilikuwa mara ya kwanza nchi ile kukosa kishindo. Mwanzoni watu waliogopa, wakadhani masikio yao yameziba. Halafu mama mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba kumbe uwanjani kuna upepo. Mkuu wa Majeshi akagundua soksi yake imetoboka na akacheza na dole gumba lake. Mheshimiwa Hekaheka, aliyekuwa amelala chali kwa sababu kitambi kilikataa mkao mwingine, akamnong'oneza jirani yake, "Hivi vinavyoruka juu ni nini?"

"Ndege, mheshimiwa."

"Wa wizara gani?"

Rais alivua viatu. Hakuna aliyemwambia avue.

Na katika utulivu ule, kwenye pembe ya jicho la kushoto, kijani kimoja kikajinyoosha. Kikafuata kingine. Ukope ukanyanyuka polepole, shavu likajaa, midomo ikarudi mahali pake. Hakuna aliyepiga makofi, maana Mzee Shaibu hakupiga. Watu wazima na vyeo vyao walikuwa wamekaa mchangani wanatazama jani likifunguka, midomo wazi, kama watoto wanaotazama mandazi yakiumuka kwenye mafuta.

"Nimeamka?" akauliza Rais kwa sauti ndogo.

"Umeamka, Mtukufu," akasema Sikudhani.

Rais akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akanyoosha kidole, akajigusa shavu tena.

Uso ukasinzia, na nchi ikangoja. Waliendelea hivyo mpaka jua likapoa, na inasemekana mwaka ule ulikuwa na alasiri moja ndefu kuliko zote.

Askari walipoachia mikono yake, Sikudhani aliambiwa aombe Ombi Moja, kwa uangalifu.

"Naomba baba yangu arudi barazani kwetu, aachwe."

"Aachwe afanye nini?"

"Aachwe tu, Mtukufu."

Rais alifikiri sana juu ya jibu hilo, akiwa ameshika viatu vyake mkononi. "Aachwe tu," akasema, na karani wa serikali akalitangaza kwa kipaza sauti, likawa amri.

Ningeishia hapa, ila ningekuwa nawadanganya kuhusu Mheshimiwa Hekaheka. Huyo, kabla mchanga haujamkauka mgongoni, alikuwa ameshainuliwa na maofisa wake wawili na anahutubia. Kukaa kumekuwa kuzuri, alisema, lakini tujiulize kwa uchungu: kumefikia kiwango? Nchi jirani ikikaa zaidi yetu itakuwaje? Wiki haikwisha, ikaundwa Wizara ya Mapumziko Yenye Tija, waziri akiwa yeye. Kila raia akapangiwa lengo la kupumzika, waliochelewa kulifikia wakapumzishwa muda wa ziada, na mitaa ikashindanishwa kwa kusinzia. Salamu ikabadilika ikawa, "Umepumzika?" na jibu, "Napumzika." Watu walichoka kuliko zamani. Kituo cha Uchangamshaji kikaitwa Kituo cha Utulizaji. Mipini ni ileile, ila sasa ilizungusha feni za kuwapepea wanaoizungusha.

Na kuhusu Mzee Shaibu, wizara mpya ilikuwa imeisoma amri ya Rais ikaitungia Kanuni za Kuachwa. Kuachwa, zilisema Kanuni, lazima kupimike. Mwenye kuachwa asipoonyesha ongezeko, ataachwa kituoni.

Bwana Ngwali ndiye aliyekuja kupima. Alikuwa amekonda zaidi, macho mekundu, maana ukaguzi wa mapumziko haukuwa na mapumziko. Alimkuta mzee barazani na kopo lake, kahawa iko juu ya lile bango la Banda la Aibu, ambalo Sikudhani alilipigilia miguu minne likawa meza nzuri sana. Yeye Sikudhani alikuwa amekaa kando, na alipomwona afisa akainuka. Baba yake akampa ishara akae.

"Umepumzika, mzee?" akauliza Bwana Ngwali, kushoto, kulia, kushoto, kulia. Miguu yake haikuwa imeambiwa kwamba sheria imebadilika.

"Marahaba."

"Mzee wangu, nisaidie. Inabidi nijue umepumzika kiasi gani zaidi ya juzi. Nisipopeleka jibu leo, nawe unakwenda na mimi nakwenda."

Mzee Shaibu alikigusa kifauongo. Kikafumba. "Kaa, mwanangu," akasema.

Sijui ilikuwa ni ile sauti ya mpiga filimbi wa zamani, au ni soli zilizokwisha. Bwana Ngwali akakaa. Hata alipokaa, miguu ilikuwa bado inajipigapiga yenyewe, baraza linatetemeka, jani linakataa. Sikudhani akammiminia kahawa. Bwana Ngwali akatazama miguu yake kama ya mtu mwingine, akaweka mkono juu ya goti moja, kisha juu ya la pili, kama mtu anayetuliza mbuzi. Mguu wa kushoto ukanyamaza, kisha wa kulia.

Wakangoja, wote watatu.

"Limefunguka," akasema Bwana Ngwali.

"Nimeona," akasema mzee.

"Sasa kule wizarani nikaseme nini?"

"Kaseme limefunguka."

Bwana Ngwali alitazama barabara ya kwenda wizarani. Ilikuwa ndefu, na kando yake, kulia na kushoto, alikiona kwa mara ya kwanza kimea kile kimejaa mpaka upeo wa macho, na kulikuwa na watu wawili watatu wameinama. Akapiga funda la kahawa. Kisha akanyoosha kidole, akakisimamisha karibu kabisa na jani, akamgeukia mzee kuomba ruhusa.

"Polepole," akasema Mzee Shaibu.

Nami hadithi yangu imefumba papo hapo. Asiye na haraka akae nayo kidogo, ataiona inafumbuka.